Mukuyu Hauzai Hivyo: Siku Moja na Brashi Katika Arboretum ya Nairobi

Saa 12.10 asubuhi

Afande wa lango huniuliza swali lile lile kila siku: "Fundi, leo unaandika nini?" Leo namwonyesha. Vibao vinne vya majina ya miti ya bustani hii nilivyomaliza jana usiku, makopo mawili ya rangi ya mafuta, nyeupe na nyeusi, brashi tatu, msasa, chupa ya tapentaini. Mandazi simwonyeshi. Yako chini kabisa ya begi, yamefungwa mara mbili, kwa sababu wenyeji wa humu nawajua na mikono yao naijua.

Kabla ya kazi hii nilikuwa mchoraji wa matatu kule Grogan, mtaa wa magereji. Miaka kumi na moja. Nyuso za wanamuziki, wachezaji mpira, miali ya moto ubavuni, na vibao vya mbele vya kuonyesha gari linakoelekea. Muthiga nimeiandika labda mara mia, na sikuwahi kujua kwamba muthiga ni mti. Sasa nauandikia mti wenyewe: *Warburgia ugandensis*, gome kali kama pilipili, watu hulitafuna wakibanwa na kikohozi. Mugumoini ni penye mugumo, hilo nalo lilinipita. Kileleshwa, mtaa ulio hapa jirani, ulipata jina kwa leleshwa, kichaka cha majani ya kijivu yanayonukia ambayo Wamaasai huyabana kwapani badala ya manukato. Makanga wanaita miti mchana kutwa bila habari.

Saa 1 kasoro

Kwarara wanapita juu wakipiga kelele zao. Ndege yule hajui kunong'ona. Ukipanga nyumba karibu na msitu huu huhitaji saa ya kukuamsha.

Ni mwisho wa Oktoba na njia nzima ni zambarau. Mjakaranda hudondosha majani wakati wa kiangazi, ukachanua ukiwa uchi, kisha maua yanaanguka hata kabla majani mapya hayajakolea. Wapiga mbio wanayakanyaga, nami nayakanyaga, yanatoa mlio mdogo kama wa puto. Mti huu si wetu, ulitoka Amerika ya Kusini, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyezaliwa Nairobi.

Vuli imechelewa. Udongo umepasuka, siafu hawaonekani, na kwa mwandika vibao hiyo ni hali nzuri, rangi inakauka kwa saa chache. Kwa miti ni hali mbaya. Kwa hiyo kila asubuhi natazama mawingu nikiwa na nia mbili.

Juu kabisa, mahali ambapo macho yangu hayafiki, keremkerem wanapita. Huwasikia kabla ya kuwaona, mlio laini unaovingirika. Hawa wametoka Ulaya wakikimbia baridi na wanaelekea kusini. Wakipita kwa wingi hivi najua mvua haiko mbali.

Saa 2.30

Kazi ya kwanza ni kung'oa kibao cha zamani kwenye mtarakwa. Kung'oa ni neno la adabu. Aliyekitundika alipiga misumari miwili mpaka mwisho, mti ukanenepa, na gome likakifunika kibao pande zote kama mdomo unaomumunya biskuti. Kilichobaki kusomeka ni herufi nne. Nimekiacha. Ukichokoa hapo unaujeruhi mti kwa ajili ya ubao. Cha kwangu nimekisimamisha pembeni, kwenye nguzo yake.

Nikiwa napiga nguzo huwa nawafikiria wale wa mwanzo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na magari moshi yale yalikula kuni bila kushiba. Misitu ya hapa haikuweza kuyalisha. Mwaka 1907 eneo hili likatengwa ili kujaribia miti ya kigeni: upi utakua haraka, upi utafaa kwa kuni na mbao. Ndiyo sababu katika hekta kama 30 tu kuna zaidi ya aina 350 za miti, mikaratusi ya Australia ikipumua jirani na mutamaiyu wa Kikuyuni. Treni za kuni zimekwisha zamani. Walioletwa kuchomwa wamebaki, wamezeeka, na watu wanapigia picha za harusi chini yao.

Saa 4

Wanafunzi wamefika, darasa zima, na mwalimu wao ameniomba niwafundishe kuchora kwa nusu saa. Hii haimo katika mkataba wangu ila naipenda kuliko mkataba.

Nusu ya muda inaishia kwenye mti wa Nandi flame. Kuna mtoto mmoja anayejua kwamba machipukizi ya maua yake yana maji ndani, ukibana ncha yanaruka. Ndani ya dakika mbili wote wanajua. Mwalimu amelowa shingo.

Kisha shorobo akatua. Sikumpanga, hata ningelipwa nisingeweza kumpanga. Alitembea juu ya tawi kama mtu anayevuka mtaro, kijani kibichi, kilemba cha buluu, doa jeupe mbele ya jicho. Watoto wakanyamaza. Aliporuka akafungua mbawa, na zile mbawa ndani ni nyekundu mno, wakapiga ukelele mmoja.

"Anko, hiyo nyekundu utaichanganya aje?" akaniuliza msichana mwenye kitabu cha hesabu alichokigeuza kuwa cha michoro.

Nikamwambia ukweli: mimi siwezi. Wekundu wa mbawa zile unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Hata kijani chake ni rangi kwelikweli, jambo ambalo ni nadra. Kasuku ukimwona kijani, mara nyingi ni ujanja wa manyoya yanavyoucheza mwanga juu ya manjano. Nilitumia miaka kumi na moja kutafuta wekundu wa kumshinda jirani pale Grogan, kumbe kulikuwa na ndege anatembea na shaba mabawani kilomita chache kutoka kwenye gereji yetu.

Saa 6.30 mchana

Mandazi. Tumbili watatu wananizunguka wakijifanya wanatazama kwingine. Kima wenye koo jeupe wanakaa juu mitini, wana haya kidogo. Tumbili hana haya hata chembe. Anajua mlio wa pakiti ya krispi kuliko mtoto anavyoujua. Nakula nimesimama, mgongo kwenye shina.

Mzee mchongaji amekuja kukaa kwenye benchi lake. Ni Mkamba, huuza vinyago siku za Maasai Market, na huja hapa kutazama wanyama wanavyokaa. "Watu huchonga tumbili kama mtu mdogo," huniambia. "Tazama goti lake, kijana. Liko juu ya bega." Kwao Wamunyu ndiko alikotoka Mutisya Munge, yule aliyejifunza kuchonga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi na ufundi huo Ukambani.

Leo tunazungumza juu ya muhugu. Ni mti mwenyeji kabisa wa misitu ya Nairobi, mzito, mgumu, unachelewa kukua, na wachongaji waliupenda mpaka ukaadimika. Mzee sasa anachonga mjakaranda, mwembe na mwarobaini. Mjakaranda ni laini, anasema, lakini una wivu: usipoukausha polepole, kinyago kitapasuka mbele ya mteja. Nikamwuliza kama anaukumbuka muhugu. Akanionyesha kovu kwenye kidole gumba.

Saa 8.15

Hapa ndipo siku ilipogeuka.

Nilikuwa nimekwisha kusimamisha kibao cha tatu na cha nne, kila kimoja mbele ya mtini wake. Vilikuwa vizuri, niseme mwenyewe. Kilatini nimekilaza kidogo, herufi kubwa kwenye neno la kwanza tu, ile ya pili ndogo. Kanuni hiyo ilinisumbua mwanzoni maana kwenye matatu kila herufi ni kubwa. Chini yake jina la Kikuyu, nene, linalosomeka kutoka njiani.

Kikundi cha maombi kilikuwa kinamaliza ibada yake kivulini. Shosho mmoja akajitenga, kitambaa kichwani, Biblia kwapani, akasimama mbele ya kibao muda mrefu kupita kawaida.

"Kamwana, ni wewe umeandika hii?"

"Ndiyo, shosho."

"Nani amekwambia huu ni mukuyu?"

Nikatoa orodha yangu. Hakuitazama. Alinishika mkono, akanipeleka mpaka shinani. "Mukuyu hauzai hivyo. Mukuyu huzaa shinani na kwenye matawi manene, vishada hata mtoto anachuma. Hii ndogo ndogo iko huku juu kwenye majani, unaiona? Na hii mizizi inayoning'inia? Huu ulizaliwa juu ya mti mwingine, ukaumaliza. Huu ni mugumo. Baba yangu hangekata kuni chini yake."

Orodha ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyevibadilisha vibao. *Ficus sycomorus* mbele ya mugumo, *Ficus thonningii* mbele ya mukuyu, na wote waliopita tangu saa tano walisoma uongo wangu kwa herufi safi. Kwenye matatu ningecheka. Gari liliweza kubandikwa Muthiga asubuhi na kupelekwa Rongai jioni, abiria wakapanda tu. Shosho hakucheka pia. Alisubiri mpaka niving'oe vyote viwili, akahakikisha kila kimoja kimefika kwake, ndipo akasema Mungu akubariki, kwa sauti ya mtu ambaye bado anafikiria kama nastahili.

Katika kuhangaika nilikwaruza kibao cha mugumo, herufi tatu zikaondoka. Nikakilaza nyasini, nikapiga msasa, nikaandika upya.

Saa 9.40

Wingu lilitokea upande wa Ngong. Upepo, maua ya zambarau yakaanza kuanguka kwa kishindo kama mtu ameyamwaga na karai, halafu harufu ile ya vumbi linaloloa ambayo hata mwenye deni hutabasamu akiinusa. Kisha mvua yenyewe. Vuli imefika.

Nilikimbia na kibao juu ya kichwa, upande wenye rangi ukitazama chini. Ujinga. Nyeusi ilitiririka hadi kolani. Wapenzi wawili waliokuwa wamejificha chini ya paa lile lile walinitazama shingoni, wakatazamana.

Saa 11 kasoro robo

Mvua imekatika, jua limerudi limelala, na ardhi inatema kumbikumbi. Wanatoka kwenye vitundu nisivyojua vilikuwapo, mamia, mbawa zinang'aa. Msitu mzima umeshuka chini kula: shore, kunguru, mwewe wanaodaka hewani kwa kucha, tumbili wanaookota mmoja mmoja kama wanachambua mchele. Hakuna hata mmoja anayelitazama begi langu.

Nimeandika jina la mugumo kwa mara ya tatu, nimepiga magoti kwenye veranda ya stoo, mwanga ukiniishia. Nilipofika kwenye G kumbikumbi akatua, akateleza, akaacha mabawa mawili kwenye rangi mbichi na kuondoka kwa miguu. Nilijaribu kuyatoa kwa ukucha. Moja lilitoka. La pili lilianza kuvuta herufi, nikaliacha.

"Fundi, nafunga," afande akaita kutoka langoni.

Nikamwomba anifungulie stoo kwanza, akiweke kibao juu ya rafu, mbali na siafu. Akakiinua kwenye mwanga wa simu, akakisoma polepole. "Na hii ya juu ya G ni ya nini?"

"Ya leo," nikamwambia.