Mstari Usio na Mwisho Kwenye Skrini ya Loch Ness

Mwezi Agosti mwaka 2019, nilipokuwa nikimalizia shahada ya uzamili ya sayansi ya uvuvi huko Scotland, nilialikwa kushinda kutwa nzima ndani ya boti iliyokuwa ikimsaka Nessie, dude linalosemekana kuishi katika ziwa la Loch Ness. Aliyenialika alikuwa Mkenya tuliyesoma naye darasa moja, mzaliwa wa Kisumu, ambaye alinizidi umri kwa miaka kadhaa na nilimwita kaka tangu wiki ya kwanza ya masomo. Kaka huyu aliamini kwamba ziwa lile lina kitu. Alikulia kando ya Ziwa Victoria, ambako Waganda wa upande wa pili wana habari zao za lukwata, mnyama wa majini anayeogopewa na wapiga makasia, na kwa maoni yake watu wa nchi mbili zisizojuana hawawezi kuzua jambo moja bila sababu. Mimi natoka Ujiji, mtoto wa mvuvi wa dagaa. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na sikuwahi kushawishika kwamba kina peke yake ni ushahidi wa chochote.

Tuliondoka asubuhi kwenye gati dogo karibu na kijiji cha Drumnadrochit. Ndani ya boti alikuwamo nahodha, mzee wa Kiskoti aliyestaafu kazi za baharini, kijana mmoja wa kuendesha roboti ya majini, na sisi wawili. Mzee aliponiuliza kwetu ni wapi nikamtajia Ziwa Tanganyika na kina chake, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba la kwao halizidi mita 230 kwa makadirio ya kawaida, na hizo zimetosha kuwakosesha watu usingizi kwa zaidi ya miaka 80.

Loch Ness ni ziwa la ajabu hata bila zimwi. Lina urefu wa kilomita 37 hivi na upana wa kilomita moja na nusu tu, kwa kuwa limelala ndani ya ufa mkubwa wa ardhi unaoikata Scotland kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki. Barafu ya kale iliuchimba zaidi ufa huo, na ndiyo maana kingo zake hazishuki polepole kama za maziwa mengine. Zinazama ghafla, na mita chache kutoka ufukweni mtu huwa tayari yuko juu ya kina kikubwa. Maji yake ni mengi kuliko ya maziwa yote ya England na Wales yakiwekwa pamoja. Tena ni meusi. Mito inayoingia humo hupita kwenye vilima vilivyojaa mboji, na rangi ya maji ni ya chai ya rangi iliyokolea. Nilipotumbukiza mkono hadi kiwikoni vidole vyangu vilionekana vya kahawia, na kabla ya kuhesabu hata thelathini vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kwetu, siku ambayo ziwa limetulia, mtoto akiinama ubavuni mwa mtumbwi huwaona samaki wakipita chini sana kati ya mawe. Hapa jicho halina kazi, ndiyo maana wasakaji wamekuwa wakitegemea sauti.

Tukiwa njiani nahodha alitusimulia jinsi habari hizi zilivyovuma. Masimulizi ya kale yapo, likiwamo la mtakatifu Columba ambaye mwaka 565 inasemekana alimfukuza mnyama katika Mto Ness, lakini zimwi la magazetini lilizaliwa mwaka 1933, pale gazeti la Inverness Courier lilipochapisha tarehe 2 Mei habari ya watu waliodai kuona kitu kikubwa kikivuruga maji. Mwaka huo huo gazeti la Daily Mail lilimwajiri mwindaji Marmaduke Wetherell amtafute mnyama huyo, na mwezi Desemba Wetherell akatangaza kwamba ameona nyayo ufukweni. Wataalamu wa makumbusho ya London walipozichunguza wakakuta ni nyayo za kiboko, na tena zilitokana na mguu mmoja tu uliokaushwa, wa aina ile waliyokuwa wakiiweka majumbani kama pambo. Kaka alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema kiboko wa watu ametolewa Afrika, amekatwa mguu, kisha ametembezwa ufukweni Scotland akiwa maiti, na bado hakuna aliyemuuliza kama amemwona Nessie. Picha mashuhuri ya shingo ndefu iliyotoka mwaka 1934 nayo ilikuwa na mkono wa Wetherell huyo huyo, kwa kuwa mwaka 1994 ilifahamika kwamba mwanawe wa kambo, Christian Spurling, alitengeneza shingo hiyo na kuipachika juu ya nyambizi ya kuchezea.

Chombo tulichokuwa nacho kilikuwa sona ya kawaida ya wavuvi. Chini ya boti kuna kifaa kinachopiga mlio usiosikika kwa sikio, mlio unashuka kwa kasi inayozidi mita 1,400 kwa sekunde, unagonga kitu, na mwangwi unaporudi chombo hukokotoa kina kutokana na muda uliotumika. Kufika sakafu ya Loch Ness na kurudi ni theluthi ya sekunde tu. Skrini ilionyesha sakafu tambarare ajabu, mstari mnene usio na kilima wala shimo, na juu yake mamia ya mita za maji ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa matupu. Kwenye kina cha mita thelathini na ushei ulionekana utando hafifu. Huo, nahodha alisema, ni mpaka kati ya maji ya juu yaliyopashwa na jua la kiangazi na maji ya chini yasiyopanda sana juu ya nyuzi 5 mwaka mzima. Viumbe wadogo hujikusanya hapo. Upepo mkali ukivuma kwa muda na kukoma ghafla, tabaka hizo mbili huendelea kupwa na kujaa kwa siku kadhaa bila mtu wa juu kujua, na mkondo wake unaweza kulisukuma gogo kuelekea upepo unakotoka. Mtu akiona gogo linakwenda kinyume cha upepo, nani atamlaumu akisema lina uhai?

Karibu na magofu ya ngome ya Urquhart mzee alizima injini ili tunywe chai. Boti ilibaki ikielea, na hapakuwa na upepo wa kutusogeza. Kaka hakuiacha skrini. Ghafla aliinuka, chai ikamwagika juu ya ramani.

“Dada, njoo uone! Huyu hana mwisho.”

Kwa kweli hakuwa na mwisho. Kwenye kina cha mita sabini hivi ulikuwa umejichora mstari mzito, mwekundu katikati na wa manjano pembeni, ukipinda kidogo juu na chini, na kila tulipotazama ulikuwa umeongezeka urefu. Ulikuwa umekwisha kupita nusu ya skrini. Nahodha hakucheka wala hakukemea kwa ajili ya ramani yake. Alimuuliza kaka anakadiria kitu hicho kina urefu gani. Kaka akajibu kwamba ni boti zetu mbili zikiungana, pengine na zaidi.

Mzee aliwasha injini, akaiondoa boti taratibu, akazunguka na kurudi palepale. Safari hii, kwenye kina kile kile, skrini ilichora upinde mdogo uliopinda chini pande zote mbili, mfupi kuliko ukucha wangu. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo mimi na kaka tulikuwa tumekwisha kulisoma darasani na hata kulifanyia mtihani: upana wa skrini ya sona hauonyeshi urefu wa kitu, unaonyesha muda. Samaki mmoja, labda trauti au char wa aktiki, akikaa chini ya boti iliyosimama kwa dakika kumi, atachorwa mstari wa dakika kumi. Boti ikipita juu yake, umbali kati yao hupungua kisha huongezeka, na ndiyo sababu anaonekana kama upinde. Wekundu wa mstari nao haukuwa ishara ya mwili mkubwa, kwa kuwa kinachorudisha mwangwi kwa nguvu ni kibofu cha hewa ndani ya samaki, na samaki mdogo mwenye kibofu kilichojaa huweza kung’aa kuliko mkubwa asiye nacho.

“Umejuaje kwamba ni yule yule?” kaka aliuliza.

“Sijui,” mzee alijibu.

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Ndilo tatizo la sona: inakuambia kuna kitu, wapi na lini, lakini haikuambii ni nani. Mwezi Oktoba mwaka 1987, katika msako ulioitwa Operation Deepscan chini ya Adrian Shine, boti 24 zilijipanga safu moja zikalifagia ziwa kwa vyombo vya aina hii. Zilipata miangwi mitatu ambayo haikuweza kuelezwa hapohapo, mmojawapo ukiwa karibu na ngome ile ile tuliyokuwa tukinywea chai. Waliotaka zimwi wakaihesabu mitatu hiyo. Wengine wakakumbusha kwamba sili wa baharini hupanda Mto Ness na kuingia ziwani, na kwamba kuta za ziwa lenyewe ni fundi wa kuigiza. Hili la mwisho mzee alituonyesha kwa macho yetu. Aliielekeza boti karibu na ukingo wa upande wa pili, na katikati ya maji, juu sana ya sakafu, likatokea umbo nene. Tulipoondoka ukingoni, umbo likaanza kuzama polepole, kama linatukimbia. Lilikuwa ni ukuta wa mwamba: sehemu ya mlio ilikuwa ikitoka ubavuni, inagonga mwamba na kurudi, na kadiri tulivyojitenga ndivyo chombo kilivyoamini kwamba kitu kinashuka.

Alasiri ilikuwa ya roboti, chombo kidogo chenye taa, kamera na waya mrefu, ambacho kijana alikiongoza kwa kijisanduku cha vitufe. Nilikuwa nimekitarajia kuliko vyote, nacho ndicho kilichonionyesha machache. Taa yake iliangaza chembe za mboji zikielea, na nyuma yake giza la kahawia. Nikaelewa kwa nini zile picha za chini ya maji alizopiga Robert Rines mwaka 1972, zilizodaiwa kuonyesha pezi la mnyama, ni ukungu mtupu katika hali yake ya awali, tofauti na zilivyochapishwa. Kwenye mteremko wa ghuba tuliona mpira wa gofu, umekaa juu ya tope safi kama uliwekwa jana. Kisha, chini ya jiwe, kikatoka kichwa chembamba cha mkunga wa maji baridi, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Alitoka mzima, mrefu wa mkono wangu, akapita mbele ya taa bila haraka, akajichimbia kwenye tope. Kaka alimtazama kwa makini kuliko ule mstari.

Zimwi pekee lililowahi kukutwa na mashine katika ziwa hilo lilitengenezwa kwa mikono ya watu. Mwaka 2016, roboti ya kampuni ya Kongsberg iitwayo Munin, ikichora ramani ya sakafu kwa sona, ilikuta umbo la mita tisa lenye shingo. Lilikuwa sanamu la filamu ya Billy Wilder kuhusu Sherlock Holmes, lililozama mwaka 1969 likivutwa, baada ya kuondolewa nundu zilizolisaidia kuelea. Nahodha alilisimulia hilo kwa furaha kubwa kuliko habari nyingine zote za siku ile.

Tarehe 5 Septemba, wiki chache baada ya safari yetu, Profesa Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alitangaza matokeo ya utafiti wake. Timu yake ilikuwa imechota sampuli za maji takribani 250 kutoka sehemu na vina mbalimbali, na kutafuta vinasaba ambavyo kila kiumbe huacha majini kwa ngozi, magamba na kinyesi chake. Hawakukuta hata alama moja ya mtambaazi, wala papa, wala samaki aina ya sturjeoni. Walichokikuta kwa wingi, karibu kila walipochota, ni vinasaba vya mikunga. Profesa alieleza kwamba vinasaba havisemi ukubwa wa mnyama, hivyo mkunga mkubwa kupita kiasi hangeweza kukanushwa kwa njia hiyo. Kaka alinipigia simu asubuhi hiyo hiyo, kabla sijanawa uso, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Ameshahamia Kisumu sasa, na mjadala haujaisha. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Floe Foxon, uliokokotoa kutokana na mikunga waliovuliwa kwamba uwezekano wa kumpata wa mita moja ndani ya Loch Ness ni kama mmoja kati ya 50,000, na wa mita sita ni sawa na hakuna. Nilimtumia kaka. Alijibu baada ya siku mbili, akitaka kujua mikunga hao waliopimwa walivuliwa kwa mitego yenye mdomo wa ukubwa gani. Hoja hiyo, kwa mtu aliyesomea uvuvi, sikuweza kuidharau.