Jinsi mwewe wa Mwaloni walivyonichagulia kamera

Ninayo picha moja ya mechi ya uwanja wa Kirumba ambayo sijaifuta mpaka leo, ingawa hakuna mteja atakayeilipia: golikipa ameinama ndani ya nyavu zake akiokota mpira, mashabiki nyuma ya goli wameshanyanyuka, na mfungaji haonekani popote kwa sababu alishakimbilia upande wa pili kushangilia. Bao lenyewe sina. Wakati mpira unapigwa nilikuwa nimebonyeza kitufe kwa nguvu zangu zote, lakini kamera ilikuwa imenyamaza, taa yake ndogo ikiwaka, kwa kuwa ilikuwa bado inaandika kwenye kadi picha za kona iliyopigwa sekunde chache kabla.

Kamera hiyo niliinunua kwa ushauri wa watu ambao, nikikumbuka vizuri, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupiga picha ya kitu kinachokimbia. Mimi ni mpiga picha wa ndoa, mahafali na picha za pasipoti, mwenye chumba kimoja cha studio hapa Mwanza, na nilipotangaza kwamba nataka kuingia kwenye mpira na wanyama, kila mwenzangu alinijibu kwa neno moja: megapikseli. Nikatafuta yenye megapikseli zaidi ya arobaini, yenye kihisi kikubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, nikauza vitu viwili vitatu vya studio ili kutimiza hela, na nikatembea nayo mjini kama mtu aliyeoa. Kwa bibi harusi aliyesimama mbele ya mawe ya Bismarck ilikuwa mashine ya ajabu. Ungeweza kuhesabu shanga za gauni. Uwanjani ilikuwa inapiga picha tano kwa sekunde, na kwa kuwa kila faili lilikuwa kubwa mno, bafa yake, ile kumbukumbu ya muda inayoshika picha kabla hazijaandikwa kwenye kadi, ilijaa baada ya sekunde tatu hivi, kisha ikataka ipumzike. Na kadi niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya bei ya chini iliyokaa kwenye mkoba tangu enzi za kupiga sherehe za kipaimara, jambo ambalo sikuliona kuwa tatizo kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba kadi nayo ina mwendo wake.

Kosa la pili ni la kwangu peke yangu, sitamsingizia mtu. Nilikuwa na lenzi ya milimita 300, na niliposhuka kwenye boti kisiwani Saanane, ambako ni dakika chache tu kutoka Capri Point, furukombe aliyekuwa juu ya mti alionekana kwenye picha kama nzi aliyetua ukutani. Nikasoma mahali kwamba kuna kipande kinachowekwa kati ya lenzi na kamera kikazidisha urefu mara mbili, nikakiagiza, nikarudi Saanane nikiwa na milimita 600 mkononi na furaha isiyo na kipimo. Sikujua kwamba kipande hicho hudai malipo yake kwa mwanga. Kikizidisha urefu mara mbili, mwanga unaofika ndani unabaki robo, kwa hiyo lenzi yangu ya f/5.6 ikawa f/11 (namba hiyo ikikua, mwanga unapungua), na kwenye f/11 kamera ile ilishindwa kabisa kufokasi yenyewe. Lenzi ilikuwa inakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo usiku. Furukombe aliondoka mtini, akashuka majini, akanyanyuka na samaki, akarudi palepale mtini akamla taratibu mpaka akamaliza, na mimi nilikuwa bado nasubiri ukungu uondoke kwenye dirisha la kamera. Askari wa hifadhi aliyekuwa nami aliniuliza kwa upole mkubwa, "Kaka, umempata?" Nikamjibu kwamba nimempata.

Niliuza kila kitu, hasara ikaniuma kama laki nane au zaidi, nikaanza upya nikiwa na akili ya mtu aliyeungua. Nilichojifunza ni kwamba kwa michezo na wanyama unanunua mambo manne kabla ya megapikseli: fokasi inayoweza kumfuata anayekimbia, idadi ya picha kwa sekunde, bafa ya kuzibeba picha hizo, na lenzi ndefu. Megapikseli ishirini zinatosha kuchapa ukurasa mzima wa gazeti na chenji ikabaki. Jambo lingine lililonishangaza ni kuhusu kihisi kidogo ambacho wenzangu wanakiita cha kitoto: kwenye kamera ya aina hiyo ya Nikon, lenzi ya milimita 500 inakuonyesha eneo lilelile ambalo kwenye kihisi kikubwa lingehitaji lenzi ya milimita 750, na lenzi ya urefu huo kwa kihisi kikubwa, yenye kuingiza mwanga wa kutosha, mimi siwezi kuinunua hata nikiuza studio pamoja na mlango wake.

Nilizitazama pia kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, na nakiri kwamba nilizitamani. Rafiki yangu alinishikisha moja ambayo inalitambua jicho la ndege yenyewe na kuliwekea alama, ukabaki wewe na kazi ya kubonyeza. Lakini nyingi za bei ya kati zina ugonjwa mmoja ambao muuzaji hakuambii: ukizitumia kwa shata ya kielektroni, yaani bila lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga kwa kila picha, ili upate ule mwendo mkubwa ulioandikwa kwenye boksi, kihisi husomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwa kuwa mpira haukusubiri, unatoka kwenye picha ukiwa na umbo la yai. Zipo zilizoponywa kwa kuwekewa kihisi kinachosomwa haraka mno, kama Sony A9 ya mwaka 2017 yenye picha 20 kwa sekunde, au Nikon Z9 ya 2021 ambayo haina shata ya kimakanika kabisa. Ila kwa bei ya hiyo ya pili mtu ananunua bajaji mpya na kubakiwa na hela ya mafuta.

Basi nikabaki na mbili, zote za mitumba, zote za picha 10 kwa sekunde, zote za megapikseli ishirini na kidogo: Canon 7D Mark II iliyotangazwa mwaka 2014 na Nikon D500 ya 2016. Nilizikuta katika duka moja la mjini, kila moja na lenzi yake ndefu. Muuzaji akapiga picha kabati lake la chaja kwa kila kamera, akanionyesha, akasema, "Unaona ubora huo?" Sasa jamani, kabati halikimbii. Hata simu hupiga kabati vizuri. Nikamwambia nataka kuzijaribu nje, kwa kitu kinachoruka, na hapo ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo najivunia kuliko picha zangu zote.

Nilimwomba aniruhusu niende nazo Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Alisita, na ni haki yake, maana simjui wala hanijui, kwa hiyo nikamwachia kitambulisho na simu yangu, naye akampa kijana wake kazi ya kunifuata hatua kwa hatua. Anayeijua Mwaloni anajua kwamba mahali penye dagaa wengi vile hapakosi mwewe. Huzunguka juu, kisha mmoja hujikunja akashuka kama jiwe, na kabla mwenye mali hajainua mkono dagaa ameshakwenda. Nikanunua dagaa wakavu wa elfu mbili, nikamkabidhi yule kijana mfuko, nikamwelekeza asimame mbele yangu hatua kama ishirini na arushe dagaa mmoja mmoja juu ya kichwa chake, ili mwewe anaposhuka aje kuelekea kwangu. Hilo la kuelekea kwangu lina maana, kwa sababu ndege anayepita ubavuni umbali wake haubadiliki sana na fokasi haipati taabu, bali anayekuja usoni kwako anakula umbali kila sehemu ya sekunde, na hapo ndipo kamera inapojulikana ni mashine au ni pambo.

Mama aliyeniuzia alisimama akatutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, dagaa hao nimewaanika kwa jasho langu, wewe unawalisha mwewe?" Nikamweleza kwamba nachagua kamera. Akawageukia wenzake akawaambia jambo kwa Kisukuma, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kuanzia hapo tulikuwa na watazamaji. Nilianza na Canon: shata sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, fokasi ya kuendelea kufuata, kundi dogo la nukta za katikati. Nikapiga mishuko kumi. Nikabadilisha, nikachukua Nikon na lenzi yake ya 200 hadi 500, ambayo ina uzito wa kilo mbili na gramu mia tatu, na baada ya dakika kumi na tano mikono yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye malaria. Kwenye mshuko wa saba au wa nane mwewe mmoja, ambaye nadhani alishachoka kupewa mmoja mmoja, alimpita yule dagaa aliyerushwa akaja moja kwa moja kwenye mfuko. Kijana wa watu alipiga kelele, akalala chini, mfuko ukachanika, na mwewe wengine kama sita wakashuka kwa pamoja. Mimi sikumsaidia. Nilikuwa nimebonyeza kitufe na kamera ilikuwa inaendelea kupiga bila kusita, nami nikawa nayafurahia maafa ya mtoto wa mwenzangu kwa namna ambayo baadaye nilimwomba radhi na kumnunulia soda.

Tulikaa kivulini nikazikuza picha kwenye kioo mpaka kwenye jicho la kila mwewe, moja baada ya nyingine. Kati ya arobaini nilizozihesabu kwa kila kamera, Canon ilinipa 23 zenye jicho linaloonekana wazi, Nikon ikanipa 29. Tofauti hiyo si kubwa, na laiti ningekuwa tayari na lenzi za Canon ningeichukua ile bila kufikiri mara mbili. Kilichonivuta kwenye D500 ni kwamba nukta zake za fokasi 153 zimetandazwa karibu ukingo hadi ukingo wa fremu, kwa hiyo mwewe akikuponyoka katikati bado kuna kitu cha kumshika pembeni, na pia kwamba bafa yake, ukitumia kadi ya XQD yenye kasi, hubeba picha ghafi, zile faili kubwa ambazo kamera haijazisindika, 200 mfululizo, ilhali mwenzake anasita baada ya thelathini na moja. Mtu aliyewahi kukosa bao kwa sababu ya bafa hahitaji kushawishiwa zaidi.

Muuzaji aliniapia kwamba shata ya kamera hiyo imepigwa mara elfu kumi tu. Sikubishana naye. Nilichukua faili la picha ya mwewe, nikalifungua kwenye kompyuta ya rafiki yangu kwa programu ya kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha, maana Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila faili, na ikatoka laki moja na elfu kumi na kitu. Shata ya D500 imejaribiwa na watengenezaji wake kwa mara 200,000, kwa hiyo haikuwa imekufa, ila ilikuwa imekula nusu ya umri wake. Nilimrudishia kamera na karatasi yenye namba hiyo bila kusema neno. Alitazama karatasi, akanitazama, akapunguza karibu laki tano. Pamoja na lenzi nililipa milioni nne na ushee.

Kuhusu ile kadi ya XQD niseme kwa kifupi, kwa sababu nikianza sitamaliza: Mwanza nzima sikuiona, Kariakoo wakanitumia kwa basi kadi ya aina nyingine ambayo haiingii, na nilipata ya kweli baada ya wiki tano kwa bei inayokaribia laki tatu, bila kisomeo chake, kile kifaa cha kuiunganisha na kompyuta. Hata kisomeo niliagiza peke yake. Siku hizi kamera hiyo, ukiisasisha programu yake, inapokea pia kadi mpya zaidi za CFexpress za aina ya B, kwa hiyo anayenunua leo atahangaika kidogo kuliko mimi.

Mwezi wa sita niliipeleka Serengeti kwa kuingilia lango la Ndabaka, kwenye barabara ya Musoma, wakati nyumbu wapo ukanda wa magharibi. Lenzi ya kilo mbili huishikilii kutwa nzima ndani ya gari, na stendi ya miguu mitatu haina pa kukaa, kwa hiyo nilishona mfuko wa kitambaa kigumu nikaujaza maharage kilo tatu, nikauweka dirishani na lenzi juu yake, na kila tuliposimama nikamwomba dereva azime injini, kwa sababu mtetemo wa injini huharibu picha hata kama maharage ni ya Mbeya. Niliporudi nyumbani mke wangu aliyapika. Alisema yana vumbi.

Kasoro zake ninazijua. Jioni kabisa, mwanga unapozama na ISO, ile namba ya kamera kukuza mwanga mdogo, ikapanda kupita 6,400, chembechembe zinaonekana, na ndiyo maana ukumbini kwenye harusi bado natumia kamera nyingine. Lakini Kirumba ninakwenda nikiwa nimetulia, na mabao ninayo.

Yule kijana wa dukani tulikutana juzi. Ameniambia kwamba sasa yeye mwenyewe ndiye anayewapeleka wateja Mwaloni kujaribu lenzi ndefu, hela ya dagaa anatoa mteja, na yeye huwarushia akiwa amevaa kofia ya pikipiki.