Jinsi nilivyonasa sarufi ngumu katika maandishi ya Kijapani
Nilihitaji programu ya kuwabainishia wanafunzi miundo migumu kama ざるを得ない, yaani kulazimika kufanya jambo, lakini utafutaji wa herufi kwa herufi uliukosa kila ulipoandikwa ざるをえない au ulipogeuka kuwa ざるを得なかった. Kwa kuwa Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno, niliyapitisha maandishi kwanza katika MeCab, programu ambayo, ikisaidiwa na kamusi ya UniDic, huigawa sentensi vipande na kukipa kila kipande umbo lake la kamusi, hata 得 na え zikarejea kwenye kitenzi kimoja, 得る. Kanuni zangu sasa hufuata mfuatano wa maumbo hayo, na sura zote tatu hunaswa. Kwa 食べさせられた, yaani kulazimishwa kula, yenye kauli ya kutendesha na ya kutendwa kwa pamoja, kanuni moja fupi ya させる (kutendesha) ikifuatwa na られる (kutendwa) ilitosha.