Kalamu Iliyobiringika Kwenye Dash 7

Mwaka 1988 mjomba alinipeleka Paris kwa siku mbili, na hadi leo nikiulizwa habari za Paris huwa naanzia kwenye ndege ya kurudi London.

Ilikuwa Dash 7 ya de Havilland Canada: pangaboi nne, viti viwili huku na viwili kule, abiria wapatao hamsini. Mjomba, fundi wa ndege aliyestaafu mapema kwa sababu ya mgongo, aling'ang'ania tukae nyuma kidogo ya bawa. "Hapo ndipo penye sinema," alisema.

Mimi nilikuwa mtu wa majeti. Nikamwambia kwamba pangaboi ni mambo ya kizamani, na kwa kosa hilo nikahutubiwa mpaka tulipovuka bahari. Ndege hii, akasema, iliruka mara ya kwanza Machi 1975, ikabuniwa kwa ajili ya viwanja vilivyobanwa na miji. Haihitaji hata mita 700 kuruka, na mapangaboi yake makubwa huzunguka polepole ili majirani wa uwanja walale. Mwaka 1978 shirika la Rocky Mountain Airways la Colorado ndilo lililotangulia kuibebesha abiria, huko milimani ambako hakuna pa kurefushia uwanja. Kisha mwaka 1982 rubani Harry Gee akaitua Heron Quays, katikati ya magati ya London yaliyokwisha kufa, kuwaonyesha wenye shaka kwamba uwanja unawezekana pale. Ukajengwa. London City ulianza kupokea abiria Oktoba 1987, barabara yake ya kurukia mita 1,080 tu, kwenye ulimi wa ardhi kati ya Royal Albert Dock na King George V Dock.

"Ndege nyingine hushuka kwa mteremko wa nyuzi tatu," alisema akiinamisha kiganja kidogo. "Sisi leo, saba na nusu." Kiganja kikatazama sakafu.

Nilicheka. Baadaye kidogo sikucheka tena.

Flapu, yale mabapa ya kuongezea bawa upana, zilianza kutoka nyuma yake, zikatoka tena, zikazidi kutoka, nikadhani bawa linabomoka. Mjomba alikuwa anaeleza kwa furaha jinsi upepo wa pangaboi zote nne unavyolipiga bawa na flapu zake, na kuibeba ndege hata inapokwenda taratibu. Sikumsikia. Pua ilikuwa imeinama, paa za nyumba zimejaa dirishani, na kalamu yangu ikadondoka ikaanza kubiringika kuelekea mbele. Niliiona ikipita kando ya viatu vya kahawia vya mtu fulani, kisha basi.

"Mjomba, tunaanguka."

"Tunashuka, mwanangu. Tazama gurudumu."

Lilikuwa limening'inia chini ya injini ya ndani, karibu kabisa na sisi. Likagusa, likafuka moshi, vibao vikasimama juu ya bawa, mapangaboi yakanguruma kinyumenyume na mkanda ukanibana tumbo. Tulisimama barabara ikiwa bado imebaki mbele yetu. Mama mmoja wa safu ya pili aliinua kalamu yangu juu kama mwalimu anayetafuta mwenyewe.

Lipo ambalo mjomba hakulisema siku ile, ingawa naamini alilijua: mwaka uleule Kanada walikuwa wanaacha kuitengeneza. Zilitoka 113 tu. Dash 8, yenye injini mbili, ilikuwa nafuu kuitunza, na mashirika yaliyokuwa na shida ya viwanja vifupi kiasi kile hayakuwa mengi. London City wenyewe walirefusha barabara mwaka 1992 na kulegeza mteremko hadi nyuzi 5.5, majeti yakapata njia. Mimi naiona kama dhuluma ndogo, maana bila Dash 7 uwanja ule usingekuwepo.

Tulikuwa wa mwisho kushuka. Pale chini mjomba aligeuka, akazihesabu injini kwa kidole, moja hadi nne, kama mtu anayehakikisha hajasahau mzigo.