Upande B wa kaseti ya mjomba

Jumamosi tulikuwa kwenye sendofu ya binamu yangu hapahapa Dodoma, ukumbi umejaa, upepo unaleta vumbi mpaka mlangoni kama kawaida ya mji wetu, na mi ndo nilipewa kazi ya kupanga nyimbo maana kamati inajua nina flashi ya zilipendwa za kizungu. Bi harusi anaingia, DJ anaachia Every Breath You Take ya The Police, vitambaa juu, mashangazi vigelegele. Shemeji mmoja anayefundisha Kiingereza sekondari akanisogelea sikioni: "Hivi we maneno yake umewahi kuyasikiliza?"

Aisee. Nausikia tangu mtoto ila mi nilikuwa naenda na gitaa tu. Nikatega sikio palepale, jamaa anasema kila pumzi yako, kila hatua yako, yeye yupo anakutazama. Sasa hayo mapenzi gani bana, huyo ni wa kupelekwa dawati la jinsia, na bendi yenyewe inaitwa Polisi! Sting, muimbaji wa bendi aliyeutunga, ameshasema mwenyewe kwamba sio wimbo mtamu kama watu wanavyodhani, aliuandika ndoa yake ya kwanza ikivunjika.

Niliporudi nyumbani usingizi hamna, nikaisikiliza albamu nzima, Synchronicity ya 1983. Mjomba alikuwa na kaseti yake, alikuwa dereva wa lori njia ya Singida, na ile kaseti upande B ulichakaa mpaka sauti inayumba kama mtu kalewa, upande A kama imetoka dukani jana. Kisa ni wimbo mmoja wa upande A unaitwa Mother, kaimba mpiga gitaa Andy Summers, yani kuimba kwenyewe ni kupiga mayowe, mama akiusikia anajua redio imekula tepu, anakuja mbio kuzima. Wapenzi wa roki mtanisamehe, mpaka leo nauruka. Upande B ndo penyewe, pana Every Breath yenyewe, pana King of Pain, pana Wrapped Around Your Finger, pana Tea in the Sahara inayotembea taratibu kama ng'ombe wanarudi jioni.

Ila lile gitaa la Every Breath jamani. Andy anadonoa nyuzi mojamoja, inazunguka inarudi, inazunguka inarudi, wala hajazi makelele, anaacha nafasi. Huku Ugogoni hicho kitu tunakijua, msikilize marehemu Hukwe Zawose na ilimba yake, ile ala yetu ya kudonoa kwa vidole, vidole gumba viwili vinarudia kilekile na hukichoki. Nadhani ndo maana mjomba, Mgogo wa Mvumi asiyejua neno la Kiingereza zaidi ya "yes", aliupenda mpaka akaumaliza.

Na walivyorekodi sasa! Walikuwa kisiwa cha Montserrat huko Karibi, kila mtu na chumba chake, Stewart Copeland na ngoma zake kawekwa chumba cha kulia chakula, Sting yuko kwenye mitambo, Andy kabaki studio. Wanasema ni kwa ajili ya sauti, sawa, lakini Sting na Copeland walikuwa hawaivi kabisa, wanagombana kila kukicha. Watu haohao ndo wakatoa albamu ikakaa namba moja Marekani wiki 17, mwaka uleule wa Thriller ya Michael Jackson, na kuisogeza Thriller haikuwa mchezo. Every Breath peke yake wiki 8 kileleni. Ziara ikaisha 1984 na albamu nyingine ya nyimbo mpya hawakutoa tena.

Wadogo zangu nyie mnaujua kwa Puff Daddy, 1997, akimlilia rafiki yake aliyeuawa, rapa Notorious B.I.G. Lile gitaa mnalolisikia pale ni la Andy, lakini anayeandikwa mtunzi wa Every Breath ni Sting tu, hapo mi namhurumia sana Andy.

Harusi yenyewe ni wiki ijayo. Asubuhi hii shangazi mkubwa kanipigia, hata shikamoo yangu hajaimalizia kuitika, anautaka tena uleule maharusi wakiingia, "ule wimbo mtulivu, wenye upendo". Nikasema sawa shangazi, ningesemaje.