Nikifa konea zangu zichukuliwe, nimeshasema nyumbani

Nimewaambia watu wa kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, kwamba siku nikifa konea zangu zitolewe wapewe wanaozihitaji, na tangu siku hiyo simu haipumziki. Mama mdogo anauliza kama nimepimwa nikakutwa na ugonjwa ninaouficha, jirani anauliza nimelipwa shingapi, na kuna rafiki yangu wa sokoni ameniambia bila kupepesa eti nimeingia dini ya ajabu ajabu. Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja wacha niandike yote mara moja.

Kwanza tuelewane kinachotolewa ni nini, manake watu wakisikia kutoa macho wanaona maiti yenye mashimo mawili usoni. Konea ni ule utando wa mbele kabisa wa jicho, unaopitisha mwanga, umekaa juu ya ile duara nyeusi kama kioo cha saa kinavyokaa juu ya mishale. Katikati unene wake ni kama nusu milimita, upana milimita 11 au 12, na haina mshipa wa damu hata mmoja. Hiyo ya kukosa damu ndiyo siri yake, ndiyo maana mwili wa mtu mwingine unaipokea kirahisi kuliko figo. Mtaalamu anatoa konea yenyewe na ukingo kidogo wa ile nyeupe, au anatoa jicho zima na kuweka kitu cha plastiki chenye umbo lile lile, kope zinafungwa, basi. Atakayekuja kuaga hataona tofauti yoyote.

Na rangi ya jicho haihami jamani, konea haina rangi. Mtu wa Busia akipewa konea ya mzungu haamki na macho ya bluu. Nimeulizwa hilo na mtu mzima mwenye wajukuu.

Mimi habari hii ilinishika kwa sababu ya binamu yangu. Akiwa sekondari alikuwa na mzio wa macho, ule wa kuwasha mpaka mtu anayafikicha kwa ngumi, kumbe kufikicha kule mwaka baada ya mwaka kunaweza kuchangia konea ilegee, iwe nyembamba na ichongoke mbele, ugonjwa wenyewe unaitwa keratokonasi. Akapewa miwani, akabadilishiwa, akabadilishiwa tena, kila mpya inamfaa kidogo afu ukungu unarudi, taa ya bodaboda usiku anaiona na mikia mikia. Darasani walimkalisha benchi la mbele na bado alikuwa ananakili kwenye daftari la mwenzake, walimu wakasema mvivu. Mtu akiwahi mapema ipo njia ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa UV ili isizidi kuchongoka, lakini yeye alipofika kwa daktari wa macho jicho moja lilikuwa tayari na kovu katikati, hapo kilichobaki ni kubadilisha.

Konea aliyowekewa ilitoka ng'ambo kwa ndege. Aliambiwa akae na simu karibu, wakimpigia aje Kampala siku hiyo hiyo, manake ikishafika haimngoji mtu, ile inayotunzwa kwa baridi ndani ya maji yake maalum ya rangi ya pinki mwisho wake ni kama siku 14, na ndani ya hizo siku lazima iwe imepimwa, imesafiri, imepita uwanja wa ndege, na mgonjwa yuko kitandani thieta. Yaani kuna familia huko mbali ilifiwa, na katikati ya kilio chao mtu mmoja akasema sawa, chukueni. Binamu hajui ni nani na hataambiwa.

Wanachofanya ni kukata duara la konea mbovu kwa kisu cha mviringo, wanaweka ile nzuri mahali pake na kuishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Nimeziona hizo nyuzi. Alinikalisha dirishani akageuza uso taratibu mpaka mwanga ukaingia kwa ubavu, nikaziona zimezunguka lote, fupi fupi, zote zinaelekea katikati, nikabaki nimeshika mdomo. Sasa msidhani alitoka hospitali anasoma gazeti. Mwanzo aliona vibaya kuliko zamani, nafuu ikaja kwa miezi, nyuzi zinaweza kukaa mwaka au zaidi, matone ya dawa ni kila siku tena kwa muda mrefu, na jicho likiwa jekundu au likiuma au likiogopa mwanga ghafla anatakiwa akimbie kwa daktari asingoje kesho, huenda mwili umeanza kuikataa. Bado anavaa miwani. Lakini anavuka barabara ya mpakani pale peke yake katikati ya matrela, na anayeijua ile barabara anajua nasema nini.

Wengine hawaharibikiwi na mzio, wanaharibikiwa shambani. Jani la mahindi linakwaruza jicho, au kijiti, au punje inaruka wakati wa kupukuchua, kidonda kinaingia vijidudu au fangasi, na mtu badala ya kwenda kliniki anawekewa maji ya majani au maziwa ya mama. Kule Mbarara waliwahi kuwachunguza wagonjwa wa vidonda vya konea wakakuta zaidi ya nusu walishatumia dawa za kienyeji. Siwacheki, kliniki iko mbali na jirani yuko karibu, lakini kidonda hicho kikipona kinaacha kovu jeupe na hilo kovu ndilo linaziba. Afu mtu anazunguka na jicho jeupe miaka, watoto wanamwita chongo, kumbe nyuma ya kovu jicho lote linaweza kuwa zima linasubiri tu mwanga upite. Tusidanganyane pia, si kila kipofu atasaidika hivi. Aliyeharibiwa mshipa wa fahamu wa jicho na presha ya macho konea mpya haimrudishii kitu, na mtoto wa jicho ana operesheni yake nyingine.

Sasa hesabu. Utafiti mmoja wa dunia nzima uliotoka 2016 ulikuta watu kama milioni 12.7 wanasubiri konea, na inayopatikana ni 1 kwa kila watu 70 wanaoihitaji. Na hii si teknolojia ya jana. Operesheni ya kwanza iliyofanikiwa ilifanywa Desemba 1905 na daktari Eduard Zirm, mji wa Olomouc, ambao leo uko nchi ya Cheki. Mgonjwa alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa, na konea ilitoka kwa mtoto wa miaka 11 aliyekuwa hai ila jicho lake lilibidi litolewe kwa sababu ya ajali. Miaka ya 1930 ndiyo Filatov kule Odessa akaonyesha kwamba konea ya maiti inafaa, na hapo ndipo kila kitu kilibadilika, manake maiti hatukosi.

Mtu akiniambia haya ni mambo ya nchi tajiri mimi namtajia Sri Lanka. Daktari Hudson Silva alianzisha chama cha kuchangia macho pale mwaka 1961, na kufika 1964 walishaanza kupeleka macho nje ya nchi, na wameendelea kuzipa nchi nyingi tu mpaka zile zenye pesa kuwazidi. Kisiwa kidogo! Na hapa jirani, Ethiopia wana benki ya macho, yaani kituo cha kupokea na kutunza konea za waliokufa, tangu 2003, Nairobi nayo ipo pale hospitali ya macho ya Lions kule Loresho.

Kwetu nyumba ni ya dini mbili, upande wa baba Waislamu, upande wa mama Wakatoliki, kwa hiyo nilipigwa maswali kutoka pande zote. Mama nilimaliza naye haraka. Nilimsimulia padri Mwitaliano Carlo Gnocchi, aliyefariki Februari 1956 akiwa ameusia konea zake wapewe watoto wawili vipofu, wakati sheria ya Italia ilikuwa bado hairuhusu, na miezi michache baadaye Papa Pius XII akaongea na chama cha wachangiaji wa konea akasema si dhambi. Huyo padri Kanisa limeshamtangaza mwenye heri. Mama akasema basi.

Baba mdogo ndiye mgumu. Nikamwambia baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah 1988 likaruhusu kiungo cha maiti kimsaidie aliye hai, kwa masharti, mwenyewe awe ameridhia au warithi wake, na kusiwe na biashara. Akanijibu wapo masheikh wanaokataa, na kweli wapo, wanasema mwili ni amana si mali yako. Sikubishana naye. Ila lile lake la kwamba mazishi yetu ni ya haraka nililikataa palepale, manake konea yenyewe inataka haraka, itolewe ndani ya saa 6 mpaka 12 hivi, na kazi haichukui hata saa nzima. Maiti itaoshwa, itavishwa sanda, itaswaliwa, na kaburi halitachelewa.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya kuibiwa. Watu hapa wamesikia habari za kafara, wamesikia za vijana walioenda kazi Uarabuni wakarudi na kovu ubavuni, afu wewe unakuja unawaambia watie sahihi. Sheria ya viungo ipo, ya 2023, inakataza kuuza, na Desemba mwaka huo huo hospitali ya Mulago kule Kampala walipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Ni hatua kubwa ila kelele zote ni za figo. Konea inataka watu wa kupokea simu saa nane usiku, gari, friji, na mtu wa kuongea na wafiwa kwa lugha wanayoielewa, bila hao sheria itabaki karatasi.

Kitu kimoja lakini hakingoji serikali. Hata ukiwa na kadi kumi za kuchangia viungo mfukoni, ukishakata roho anayeulizwa ni familia, na msiba wetu mnaujua, zile saa za kwanza mmoja anatafuta tenti, mwingine viti, mwingine anampigia mwenyekiti wa LC, yaani wa kijiji, kina mama wameshaanza kulia, nani atakumbuka konea? Kama hawakuwahi kusikia neno hilo kinywani mwako watasema hapana, na mimi ningekuwa wao ningesema hapana pia.

Kwa hiyo tumepangana. Dada yangu ndiye wa kupiga simu. Mama amejua cha kufanya wakati wanasubiri, kope zifungwe, pamba yenye maji safi juu yake, kichwa kiinuliwe kwa mto, feni izimwe ili konea isikauke. Mwenye VVU, homa ya ini B au C, au aliyekufa kwa kichaa cha mbwa hachukuliwi, ila uzee si kizuizi na miwani si kizuizi, hata aliyefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho mara nyingi anafaa. Hilo la mwisho limemfurahisha shangazi mwenye miwani mizito kuliko wote, juzi kaniuliza yake itatosha watu wangapi, nikamwambia wawili, kila jicho mtu wake. Akasema atafikiria mpaka baada ya Idi. Baba mdogo bado hataki, na yake hayatatolewa.