Kisa cha buni

Mwaka 2003 nilikuwa darasa la sita huko Mbozi, enzi hizo bado iko mkoa wa Mbeya, Songwe haijazaliwa, mwalimu wa Kiswahili akaandika ubaoni: kesho kila mmoja alete kisa cha kubuni. Kengele ikagonga akatoka, hakueleza kitu.

Sasa kwetu sisi buni ilikuwa moja tu, zile punje za kahawa zinazoanikwa mpaka ukizitikisa zinalia. Mbuni ndo mti wake (yule ndege tulimwonaga kitabuni). Nikajua mwalimu anataka kisa cha kahawa, na mi nilikuwa nacho, tena kibichi kabisa.

Nikaandika jinsi jioni moja alivyokuja mtu na pikipiki kwenye shamba la bibi kule bondeni, akapita mstari kwa mstari anahesabu miti, kahawa bado ya kijani, afu akamhesabia mzee wangu hela palepale chini ya mgomba. Wiki iliyofuata nyumbani kukawa na redio ya kaseti. Bibi, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua na alikuwa anakaa kwa shangazi, akaambiwa mwaka huu hamna kitu, chulebuni imepukutisha yote. Ni ule ugonjwa unaotia madoa meusi kahawa changa inaoza na kudondoka, kila mkulima anaujua, kwa hiyo bibi akaguna tu basi.

Mwalimu alifurahi balaa. Akasoma mbele ya darasa zima, akaweka kwa wino mwekundu: Umebuni vizuri sana, 18/20. Nikanyoosha mkono, mwalimu mi sijabuni, ni kweli. Watu wakaangua kicheko, ndo akaeleza kwamba kubuni ni kutoa kitu kichwani ambacho hakikuwepo, fundi anabuni mashine, mtoro anabuni sababu, na hata ukikisia tu jambo usilolijua umebuni. Mi macho yako dawati la nyuma kwa mtoto wa shangazi. Hacheki.

Jioni bibi huyo na mkongojo wake, hata kiti alikataa.

"Mwanangu, kahawa yangu iko wapi?"

Mzee akanyamaza kidogo, afu akaniita, lete daftari la Kiswahili. Akalisogeza kwenye koroboi, akamwonyesha bibi, ambaye kusoma hajui, kidole kiko juu ya ule wino mwekundu.

"Mama ona, hata mwalimu wake kaandika. Mtoto kabuni. Tena vizuri sana."